Nyaya za Ruzizi na maneno ya Kiringye

Hapa Kiringye, na katika bonde lote la mto Ruzizi hadi Uvira, maneno kuhusu umeme ni mengi. Watu wana haki ya kukasirika, ila hasira ikikosa shabaha watoto wataendelea kusomea tochi.

"Umeme ni wetu, majirani wanatunyang'anya." Kituo cha umeme cha Ruzizi ya kwanza, cha mwishoni mwa miaka ya 1950, ni cha SNEL, shirika la umeme la Kongo. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia SINELAC, kampuni ya nchi hizo tatu, na uwezo wake haufiki megawati 44. Gawa kwa tatu, kisha kumbuka ukubwa wa Bukavu na Uvira.

"Inga itatuokoa." Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Inabeba mkondo mnyoofu unaogeuzwa kwenye ncha zake mbili tu, na Kivu haijaungwa nayo.

"Waya mkubwa ukipita, wachomeke tu." Neno hili linaweza kuua. Umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa ili usipotee sana njiani: volti 110,000 ni mara 500 ya zile 220 za nyumbani, kwa hiyo mzigo uleule unahitaji mkondo mdogo mara 500, na joto linalopotea kwenye waya uleule hupungua mara 250,000. Kuushusha kunataka kituo cha kupoza: transfoma, swichi za kukata hitilafu, na watu wa zamu.

"Delestaji ni ya makusudi." Ndiyo, kukata umeme kwa zamu ni makusudi, na ni lazima. Umeme wa gridi unatumika papo hapo unapozalishwa. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo inapunguza mwendo, masafa yanashuka chini ya hezi 50, na mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine. Kwa mfano, Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya. Zaidi ya megawati 180 zikapotea ghafla, nchi nzima ikaingia gizani. Anayekata mtaa mmoja anaokoa mingine. Tunachopaswa kudai ni zamu ya haki, itangazwe mapema, na mtaa uleule usikatwe kila jioni.

"Ruzizi ya tatu ikijengwa, tutawaka sote." Megawati zitaongezeka, lakini bila kituo cha kupoza zitapita juu ya mihogo yetu zikielekea mijini. Wabunge wetu waulizwe mapema: kituo kitakaa wapi bondeni, na nyaya ndogo za kufika Kiringye analipia nani?