Jikoni Mwetu: Manjano

Manjano huupa mchuzi rangi na harufu nzuri. Kwa nusu kilo ya samaki, kijiko kimoja cha chai chatosha. Yakizidi huleta uchungu. Yakaange kidogo pamoja na vitunguu, kabla ya kutia nyanya. (Siku hiyo usivae nguo nyeupe!)

Lakini angalia unachonunua. Huko Bangladesh, mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba mizizi mikavu ilipakwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni, na kupika hakuiondoi. Hivyo hata mzizi mzima ukiwaka mno, mimi siuchukui. Hununua mibichi, nikaichemsha, nikaikata, nikaianika na kuitwanga mwenyewe.