Mishipa ya Miguu: Tusitibu Kidonda Tukaacha Chanzo

Je, wewe hushinda umesimama kutwa? Ikiwa unauza mboga katika soko la Kariobangi, au wewe ni msusi wa Kayole, bawabu wa Buruburu, mwalimu au kondakta wa matatu, basi makala haya yanakuhusu. Jioni ukivua viatu, itazame miguu yako. Huenda ukaona mishipa iliyotutumka na kujipinda kama mizizi. Hiyo ndiyo huitwa varikosi.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mboga mmoja kutoka Umoja alinijia na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Nilimpa dawa ya kuua viini na kumfunga bendeji. Alirudi, nikamfunga tena. Mwaka ulipita kidonda hakijapona, naye akifunga kibanda chake kila siku ya kliniki. Kosa lilikuwa langu. Nilitibu kidonda, nikausahau mshipa uliokileta.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kupitia vena. Ndani yake mna vali ndogo mithili ya milango, ambazo hufunguka damu ikipanda na kufungika isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama na mishipa huvimba. Urithi, ujauzito, umri, unene na kazi za kusimama huchangia. Ikipuuzwa, ngozi huwasha, hubadilika rangi, na hata kuchimbika ikawa kidonda.

Tiba ni zipi basi? Ya kwanza ni soksi za kubana. Hizi hupunguza uvimbe na uchungu, lakini haziponyi vali. Mwenye kisukari au ateri zilizoziba asizivae kabla ya daktari kupima mzunguko wa damu miguuni, kwani zaweza kumdhuru.

Ya pili ni sindano. Dawa, aghalabu ikiwa povu, huingizwa mshipani ili kuta zake zishikane. Hulazwi, lakini mshipa huweza kufunguka tena na ngozi ikabaki na madoa.

Ya tatu ni joto la leza au la mawimbi ya redio. Waya mwembamba hupitishwa mshipani kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi, nawe umetiwa ganzi tu. Aghalabu hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Ya nne ni upasuaji, ambapo mshipa hufungwa kwenye kinena na kung'olewa. Wengi huniuliza, "Daktari, damu itapita wapi?" Usihofu. Sehemu kubwa ya damu hupita katika vena za ndani, ndiposa ni lazima hizo zipimwe kwanza.

Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri tiba ya joto itangulie, kisha povu, kisha upasuaji. Soksi pekee waachiwe wale ambao tiba hizo haziwafai. Hata hivyo, utafiti wa huko huko uliohusisha wagonjwa 798, ambao matokeo yake ya miaka mitano yalitolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa leza na waliopasuliwa walikuwa na nafuu kuliko waliopewa povu.

Kwa maoni yangu, hilo ni jambo kubwa kwetu sisi wa Eastlands. Leza haipatikani kila mahali na bei yake huwashinda wengi. Usikope pesa za chama kwa kudhani kwamba upasuaji ni tiba ya maskini. La muhimu ni kupimwa kwa ultrasaundi kabla ya lolote. Anayetaka kukudunga sindano mshipani bila kipimo hicho, mkimbie. Muulize daktari wako: Ni vali zipi zimelegea? Gharama yote ni kiasi gani, na bima italipa nini? Mishipa ikirudi, itakuwaje?

Ikiwa mishipa haikuumi na ngozi ni nzima, huna haja ya kukimbilia tiba. Tembea, inua miguu ukipumzika, punguza uzito. Mja mzito kwa kawaida hungoja ajifungue. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku iyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani. Mshipa ukipasuka, lala, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi na uitishe msaada.

Nasi madaktari tubadilike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa nusu ya wenye vidonda waliozibwa mshipa mapema, pamoja na kufungwa bendeji za kubana, walipona ndani ya siku 56. Kwa waliocheleweshwa, zilikuwa siku 82. Kidonda cha mguu kisichopona kwa majuma mawili kisifungwe tu, mshipa upimwe.

Yule mama hatimaye alipimwa, akapasuliwa katika hospitali ya umma, na kidonda kikafunga. Mwaka mzima wa bendeji ulikuwa wa bure. Usikubali kupoteza wako.