Wakimbiaji wa Mtwara watengewe njia

Ndugu Mhariri,

Wakazi wa Mtwara wanaopenda kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli hawakosi pa kwenda. Wanachokosa ni usalama wa kufika huko.

Maji yakipwa, mchanga wa ufuo wa Shangani hukaza na kufaa miguu, tena bila kiingilio. Mikindani kuna mwinuko nyuma ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Anayeupanda huiona ghuba yote, ile ile ambako mpelelezi Livingstone alianzia safari yake ya bara mwaka 1866. Wenye pumzi huenda hadi Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, ingawa mchanga wa huko huwatesa waendesha baiskeli.

Kero ni barabara ya Mikindani. Hivi karibuni basi lililokuwa likiipita bodaboda lilimfanya kijana mmoja arukie majanini. Nyuma yake mchuuzi wa samaki alianguka na baiskeli yake, dagaa wakatapakaa kwenye lami. Dereva hakusimama.

Wahusika watutengee njia ya pembeni. Nao wasomaji wanaozijua njia nyingine salama waziandike hapa.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara