Tahadhari: Vidonge vya kalsiamu si dawa ya magoti

Ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, kama nyumbani kuna mzee anayemeza vidonge vya kalsiamu kwa sababu ya magoti au kiuno, chukueni kopo lake leo msome maandishi. Angalieni kama ndani yake mna vitamini D pia. Kisha mwulizeni anatumia dawa gani nyingine.

Aliyelima mashamba ya milimani maisha yake yote, mara nyingi goti humuuma kwa kuwa gegedu limelika, na kalsiamu hairudishi gegedu. Akikosa nafuu anaongeza vidonge, na hatari huanzia hapo. Wataalamu wa lishe huweka ukomo wa miligramu 2,000 kwa siku kwa aliyevuka miaka 50, chakula na vidonge kwa pamoja. Vitamini D huzidisha kalsiamu inayofyonzwa tumboni, na baadhi ya dawa za presha zinazokojosha, kama bendrofluazaidi, huzuia figo kuitoa. Lakini msimwachishe dawa ya presha. Simamisheni kalsiamu, mkamwone daktari.

Dalili za kalsiamu kuzidi kwenye damu hudanganya: kiu isiyokatika, mkojo wa mara kwa mara, kukosa choo, kichefuchefu, uchovu. Wengi watadhani ni kisukari au malaria. Hali hiyo ikiachwa, huleta mawe kwenye figo, figo kushindwa kazi na moyo kwenda ovyo. Mzee akianza kuchanganyikiwa, msisubiri kuche. Mpelekeni hospitali na makopo yote, mwombe apimwe kalsiamu kwenye damu. Hata asiyemeza kidonge chochote anaweza kupatwa, maana saratani na uvimbe wa tezi za parathiroidi huipandisha.

Mama mjamzito, usiache kalsiamu uliyopewa kliniki. Inapunguza hatari ya kifafa cha mimba. Utafiti wa wajawazito 11,000 jijini Dar es Salaam, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku zinazuia presha ya ujauzito inayoleta kifafa hicho karibu sawa na 1,500. Basi usijiongezee nyingine ya dukani, wala usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maana huvizuia kufyonzwa.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, maziwa na mboga za majani, mwenye figo nzima ale bila hofu.

Anayepitisha makopo haya mnadani au nyumba kwa nyumba, bila kuuliza figo wala dawa za mteja, msinunue kwake.