Damu Haichezi Mpira

Ndugu zetu, dada zetu, na ninyi wakubwa wetu wa mashirika: leo tuna neno moja tu la kubishana nalo, "damu". Kando ya kila uwanja mjini tunalisikia. Eti watoto wa kabila hili wamezaliwa na mbio. Eti wale ni wafupi, mpira si wao, waokote mipira ikitoka nje. Tumeona kocha, hatumtaji, akipanga watoto mstari na kuchagua kwa macho kabla hata mpira haujaguswa. Na sasa kuna makampuni yanauza vipimo kwenye intaneti: mtoto anatema mate kwenye kichupa, yanapelekwa maabara, mzazi anarudishiwa karatasi inayosema kama mwanawe ana kipaji au hana. Sisi tunaokutana hapa Kiriri tunasema huo ni udanganyifu, na unaumiza watoto.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi jeni ni hadithi. Utafiti wa mapacha wa kike wa Uingereza uliotoka mwaka 2007 ulikadiria kwamba theluthi mbili hivi ya tofauti kati ya aliyefika kuwa mwanamichezo na ambaye hakufika inatokana na urithi. Ni nyingi hiyo. Lakini hebu soma vizuri: hao ni watu wa nchi moja, karibu wote wamekula, wamesoma, wamevaa viatu. Watu wakishapata vitu vile vile, tofauti inayobaki kubwa ni ya kuzaliwa. Ukilinganisha mtoto aliyekula na mtoto aliyelala njaa, hesabu hiyo haikusaidii kitu.

Tuje kwenye jeni yenyewe inayotangazwa sana, ACTN3. Kazi yake ni kutengeneza protini iitwayo alfa-aktinini-3, iliyomo kwenye nyuzi za misuli zinazokaza haraka, zile za kuchomoka na kuruka. Zaidi ya watu bilioni moja duniani hawana kabisa protini hiyo, na ni wazima, wala hawajui. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walikuta kwamba wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi wanaoikosa ni wachache kuliko watu wa kawaida. Hapo ndipo wauzaji walipokimbilia. Hawakukuambia kwamba baadaye alipatikana Mhispania asiye na protini hiyo, na huyo ni mruka mbali aliyeshiriki Olimpiki na kuruka zaidi ya mita 8.

Na hii ndiyo inatuchekesha zaidi. Watafiti walipowapima Wakenya na Wanaijeria, walikuta wanaoikosa ni wachache mno, karibu hawapo. Walipowapima wakimbiaji hodari wa mbio ndefu wa Kenya na Ethiopia, jeni hiyo haikueleza ushindi wao. Sasa wee, kama kwetu Afrika karibu kila mtu mtaani anayo, kipimo kinachagua nani? Mbona mtaa mzima hauchezi Ulaya? Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika pamoja kwenye jarida la Uingereza la tiba ya michezo kwamba vipimo hivi vya kununua havifai kutafutia vipaji wala kumpangia mtoto mazoezi. Habari hiyo hamtaikuta kwenye tangazo.

Tazameni mifano ya hapa hapa. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akachezea Vital'O, akapita Yanga ya Dar es Salaam, akafika Monaco na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2004. Jezi ya taifa aliyovaa ni ya Kongo. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, akaingia Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, akakuzwa na West Bromwich Albion, kisha mwaka 2019 akawa nahodha wa Burundi ilipocheza AFCON kwa mara ya kwanza, kule Misri. Damu yake ilikuwa ile ile kabla ya kupanda ndege na baada ya kushuka. Kilichobadilika ni uwanja, kocha, chakula na karatasi.

Ukisimama hapa Kiriri unaona mji wote ukishuka mpaka Ziwa Tanganyika. Mtoto wa huku mlimani na mtoto wa kule chini wanatenganishwa na mwendo wa miguu tu, lakini sahani zao haziko sawa. Uchunguzi wa afya wa Burundi wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Halafu mtu anamwona kijana mfupi anasema "ni kabila lake". Hapana, huenda ni sahani yake.

Na sisi wa ukanda huu tuna sababu nyingine ya kuogopa. Wakoloni walipima watu pua na urefu wakawapanga kwenye mafungu, na tunajua tulizika wangapi. Tarehe 13 Agosti 2004, Gatumba, karibu na mji huu, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, kwa sababu ya walivyozaliwa. Anayetaka kuleta lugha hiyo kwenye uwanja wa watoto, akumbuke kwanza.

Kama mashirika yana pesa ya kupima miili yetu, pimeni moyo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akafa. Alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene, ambao mara nyingi hurithiwa. Hapo urithi una maana ya kuokoa maisha.

Tunachotaka ni hiki. Mtoto ajaribiwe akicheza, zaidi ya mara moja, asichaguliwe kwa sura. Apewe chakula siku ya mazoezi. Wasichana wapewe saa zao uwanjani. Mkimbizi asaidiwe karatasi za kusajiliwa kwenye klabu. Hayo yakishafanyika, wakabaki wanaoshindwa, sawa, ndipo tukae tuzungumze juu ya jeni.

Mtumie kocha unayemjua.