SAFU YA MWALIMU: Makaburi ya Zamani na Majina ya Mababu

Mwezi uliopita tuliwaahidi kuongelea namna ya kutunza madaftari wakati wa mvua. Tumeahirisha kwa sababu ya jambo lililotokea darasani. Tuliwaambia watoto wa darasa la tano waandike majina ya babu na bibi zao, upande wa baba na upande wa mama, na mahali wanapoishi au walipozikwa. Watoto walikuwa 52. Waliojaza majina yote manne walikuwa 9 tu. Wengi waliandika "Babu", basi, kama vile ndilo jina lake. Mmoja penye mahali aliandika "Kongo". Tulipomuuliza Kongo ya wapi, kijiji gani, akajibu, "Mwalimu, si ni Kongo tu?"

Hatukumcheka. Usiku ule tulijipima sisi wenyewe tukaishia kwa baba wa babu, mbele yake giza.

Basi mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Huko kutafuta ukoo ni kazi ambayo watu wanaifanya kweli kweli, na sababu yake mtaielewa upesi.

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi mviringo, na viazi ndivyo vilikuwa chakula cha maskini wa vijijini, asubuhi na jioni. Vilioza shambani. Njaa ikaendelea mpaka kama mwaka 1852. Katika hesabu ya mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, mwaka 1851 walibaki milioni 6 na nusu. Kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli wakaenda. Karibu na mji wa Skibbereen, kusini, kuna makaburi ya Abbeystrewry. Pale pana uwanja wa nyasi ambapo inakadiriwa watu 8,000 hadi 10,000 walizikwa kwenye mashimo ya pamoja, bila sanduku na bila jina.

Sasa vitukuu vya wale waliopanda meli wanarudi kutoka Marekani, Kanada na Australia kutafuta kwao. Wengi wanafika na jina la ukoo na neno "Ayalandi" tu, au wakijitahidi sana, jina la kaunti, kwa mfano Cork. Ni yule mwanafunzi wetu kabisa! Kaunti ni kubwa, na watu wenye jina moja la ukoo ni wengi. Kinachotakiwa ni parokia, na ndani ya parokia, kitongoji. Nchi hiyo ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine ni mashamba machache tu na njia ya ng'ombe. Anayejua kitongoji, huyo amefika.

Majina yenyewe ya mahali yanasaidia. Mengi yanaanza na Kil, na mara nyingi hilo linatokana na neno la Kiayalandi "cill", yaani kanisa. Kildare ni kanisa la mti wa mwaloni. Kilkenny ni kanisa la mtakatifu Cainnech. Hata pale ambapo hakuna ukuta uliosimama, jina linakuambia hapa watu walikuwa wanasali.

Na kuta ziko nyingi. Ukipita vijijini kule utaona makaburi yamezungukwa na ukuta wa mawe, na katikati kanisa bovu lisilo na paa, nyasi zinaota ndani. Mambo yalikuwa hivi. Katika miaka ya 1500 watawala wa Uingereza waliachana na Papa, na majengo ya kanisa yakachukuliwa na kanisa la serikali. Wananchi wengi walibaki Wakatoliki, bila majengo, na baadaye zikaja sheria za kuwabana, ambazo kubwa za mwisho ziliondolewa mwaka 1829. Lakini kuzika ni jambo lingine. Waliendelea kuzika kwenye makaburi yale yale ya zamani, kwa sababu wazazi wao wamelala pale. Ndiyo maana katika makaburi mengi ya vijijini Mkatoliki na Mprotestanti wamelala jirani, hata kama walipokuwa hai walipita kila mmoja njia yake.

Tunakuja kwenye karatasi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za serikali mjini Dublin lililipuka na kuungua. Mabaki ya karatasi yalirushwa hewani, upepo ukayadondosha mitaani. Hapo ziliungua karibu hesabu zote za watu za miaka ya 1821 hadi 1851, pamoja na zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia vya lile kanisa lililokuwa la serikali, ambavyo vilikuwa vimepelekwa pale eti viwe salama. Vitabu vya Wakatoliki havikuwemo. Serikali haikuvihesabu kuwa vyake, kwa hiyo vilibaki vijijini, kabatini kwa padri, pamoja na unyevu na panya. Vikapona. Sisi tulioacha vyeti nyumbani vikaungua tunaweza kukaa na habari hii muda mrefu.

Katika vitabu hivyo ubatizo umeandikwa kwa mstari mmoja, mara nyingi kwa Kilatini: tarehe, mtoto, baba, mama kwa jina la ukoo wa kwao, na wasimamizi wawili. Mstari mmoja unabeba watu watano. Maktaba ya Taifa ilivipiga picha, na tangu mwaka 2015 mtu yeyote anaweza kuvisoma bure kwenye intaneti. Lakini vijijini vingi vinaanzia miaka ya 1800 tu, na mazishi Wakatoliki hawakuyaandika sana. Hapo ndipo jiwe la kaburi linapofanya kazi ya kitabu.

Jiwe la kule linasema nani amelisimamisha, kwa ajili ya nani, na mara nyingi kitongoji chake. Mke naye mara nyingi ameandikwa kwa jina la kwao. Herufi zikififia, wanaojua hawakwangui kwa waya wala hawamwagi dawa. Wanasubiri jua la asubuhi, au wanakwenda usiku na tochi wakamulika kwa upande, na kivuli kinatoa maandishi. Maskini lakini hawakuweza kulipia fundi. Waliweka jiwe la shambani tu, moja kichwani na moja miguuni, bila herufi hata moja. Hapo anayesoma ni mzee wa kijiji: "hawa ni wa kina fulani, yule ni dada yao." Mzee akifa, mawe yananyamaza.

Kuna na watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Hao hawakuruhusiwa kulala ndani. Walizikwa kando, mara nyingi usiku, mahali panapoitwa "cillín", na hakuna kitabu kilichowaandika. Baadhi ya vijiji siku hizi vimeweka jiwe la kumbukumbu.

Tupumzike kidogo hapa. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya kuwalipa pensheni wazee wa miaka 70. Ukilinganisha hesabu ya watu ya mwaka 1901 na ile ya 1911, unakuta watu waliozeeka zaidi ya miaka kumi kwa miaka kumi! Tusiwaseme sana, wengi hawakujua tarehe yao. Na nani kati yetu hajaona kadi za familia ambapo nyumba nzima imezaliwa tarehe 1 Januari? Ila wale wazee walifanya jema bila kujua. Kuthibitisha umri wao, maofisa walitafuta majina yao katika hesabu za 1841 na 1851 na kuyanakili kwenye fomu. Vitabu viliungua, fomu zikabaki.

Na wale walioondoka walijua watatafutwa. Katika makaburi ya Marekani utakuta jiwe limeandikwa mzaliwa wa parokia fulani, kaunti fulani. Gazeti la The Pilot la Boston, kuanzia mwaka 1831 kwa karibu miaka 90, lilichapisha matangazo ya watu wanaotafutana: kaka anamtafuta dada, mke mume, na karibu kila mara parokia na kaunti vinatajwa kwanza. Ukisoma utadhani ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu unaobandikwa hapa kwetu.

Tunaandika haya kwa sababu kuna familia zinazoitwa kwenda nchi za mbali, na fomu ina nafasi moja tu ya nchi. Wazazi, kabla ya safari mwandikieni mtoto kijiji, kilima, mto, kanisa au msikiti wa jirani, na mahali babu alipolazwa. Na wale tuliowazika hapa kambini, ambapo msalaba wa mti haumalizi mvua mbili, waandikeni na wenyewe, na nani amelala kushoto na kulia. Daftari liko ofisini kwa walimu. Alhamisi mchana mzee mmoja wa mtaa wa pili anakuja kutaja majina, sisi tunaandika. Asiyejua kusoma tutamwandikia.

Yule mtoto wa "Kongo" alirudi Jumatatu na majina mawili ya kijiji, la mama na la shangazi yake, maana hawakukubaliana. Tumeyaandika yote mawili. Mwezi ujao ni zamu ya madaftari na mvua, safari hii kweli.