Nguvu za Mchawi ni Umri wa Mwigizaji

Mwaka 2004 filamu ya The Return of the King ilizoa tuzo 11 za Oscar kwa usiku mmoja, ikafikia rekodi ya Ben-Hur na Titanic. Zilituzwa picha, muziki, maleba, vipodozi, uhariri, uongozaji. Mwigizaji hakupata hata moja, wala hakuwako aliyeteuliwa kuiwania. Ukizihesabu filamu zote sita ambazo Peter Jackson alizitoa katika vitabu vya J.R.R. Tolkien, utakuta jina moja tu la mwigizaji lililowahi kufika kwenye orodha ya Oscar, nalo ni la Ian McKellen, kwa kumcheza mchawi Gandalf katika filamu ya kwanza, The Fellowship of the Ring, ya 2001. Hata yeye alirudi nyumbani mikono mitupu.

Toleo hili tumewapa waigizaji waliozeekea kazini, na nimeona nilifungue kwa hao waliocheza wachawi, kwa sababu hapo ndipo watu wenye busara zao hukosea. Husemwa kwamba filamu ya fantasia ni kazi ya kompyuta na mafundi wa vipodozi. Mvalishe mtu yeyote joho na ndevu, mpe fimbo, mashine zitamaliza zilizobaki. Naamini kinyume chake kabisa. Hakuna aina ya filamu inayomhitaji mwigizaji mkongwe kama hii, maana mle ndani karibu kila kitu ni cha kubuni: milima imeunganishwa, majumba ni vielelezo vidogo, mazimwi hayapo. Kitu kimoja tu hakibuniki, nacho ni uzito wa mtu aliyeishi miaka mingi na kuifanya kazi yake miaka mingi. Mtazamaji akiukosa uzito huo, haamini chochote kingine.

McKellen alipofika New Zealand mapema mwaka 2000 alikuwa na miaka 60. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumcheza Magneto katika X-Men, lakini shule yake haikuwa Hollywood. Alianza kulipwa kwa kuigiza mwaka 1961 katika jumba la Belgrade mjini Coventry, akapita Ipswich na Nottingham, akaja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa Shakespeare wa zama zake. Mwaka 1976 alicheza Macbeth pamoja na Judi Dench katika The Other Place, ukumbi wa Stratford uliokuwa banda la mabati, watazamaji wakiwa wameketi hatua chache tu kutoka kwa waigizaji. Katika tamthilia hiyo kuna mahali Macbeth anaona jambia likielea hewani mbele yake. Jambia halipo. Kazi ya mwigizaji ni kuliangalia mpaka na sisi tulione.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke kwenye daraja la Moria, mahali ambapo Gandalf anamzuia Balrog. Zimwi lenyewe liliundwa baadaye kwenye kompyuta. Siku ya kupiga picha mbele ya McKellen hapakuwa na moto, mbawa wala mjeledi. Alichokuwa nacho ni fimbo, upanga na ujuzi aliouchuma kwenye banda lile la mabati. Tazama macho yake pale. Hayana ushujaa wa filamu za mapambano. Ni macho ya mzee anayejua kwamba pengine hatalivuka daraja lile, na ameshakubali. Kompyuta ilikuja kumchora mnyama ambaye McKellen alikuwa ameshamwona.

Hata matukio ya upole yalikuwa na ugumu wake. Gandalf lazima aonekane mrefu karibu mara mbili ya Frodo, mmoja wa watu wadogo wa hadithi hii, ilhali Elijah Wood aliyemcheza si mfupi kiasi hicho. Mara nyingi Jackson alimweka Wood mbali zaidi na kamera na McKellen karibu, ili picha idanganye vimo vyao. Matokeo yake, wanapozungumza juu ya gari la farasi kama marafiki wa siku nyingi, hawatazamani. Kila mmoja anaelekeza macho mahali alipoonyeshwa na kulipenda lile tupu kana kwamba ni sura ya mwenzake. Na kuna lile tukio la nyumbani kwa Bilbo, mtu mdogo mwingine, Gandalf anapogonga kichwa kwenye boriti. Halikuwa limepangwa. McKellen alijigonga kweli, lakini mtu aliyefunzwa na jukwaa hasimami kwa sababu jambo limekwenda kombo. Akaendelea, na Jackson akaliacha ndani ya filamu. Kwa tukio hilo dogo tunajifunza kwamba mzee huyu mwenye nguvu za kutisha ni mgeni mkubwa mno katika nyumba ya watu wadogo anaowapenda.

Sauti nayo aliitafuta kwa makini. Tolkien mwenyewe alirekodiwa mwaka 1952 akisoma sehemu za vitabu vyake, na McKellen alisikiliza kanda hizo akachota humo lafudhi na mwendo wa usemi. Pua ilikuwa ya bandia, na ndevu pia. Ila unapomsikia Gandalf akinung'unika peke yake huku akitafuta neno la kufungulia mlango, unamsikia profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na aliyeipenda lugha kuliko karibu kitu kingine chochote.

Nimekaa sana kwa McKellen, lakini ushahidi wangu mzito zaidi ni Christopher Lee.

Lee alizaliwa London mwaka 1922. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza. Alipelekwa Rhodesia ya Kusini kujifunza urubani, macho yakamkatalia, akaishia kuwa afisa wa ujasusi Afrika Kaskazini na Italia. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1948. Kwa miaka kumi alipewa vijinafasi, hadi alipocheza Dracula mwaka 1958 na jina lake likavuka mipaka. Katika Dracula: Prince of Darkness, ya 1966, hasemi neno hata moja. Filamu nzima anatisha kwa macho, kimo na namna ya kusimama. Nadhani hapo ndipo Saruman, mchawi aliyekuja kumcheza katika filamu za Jackson, alipoanza kuumbwa, miaka zaidi ya thelathini kabla hajaitwa New Zealand: katika kujifunza kwamba mwenye nguvu hana haja ya kuhangaika.

Lee alikuwa msomaji mkubwa wa Tolkien, mwenye desturi ya kuvirudia vitabu hivyo kila mwaka, na katika kundi zima la waigizaji ni yeye pekee aliyewahi kukutana na mwandishi ana kwa ana, katika baa moja mjini Oxford. Alitamani awe Gandalf. Alipewa Saruman, mkuu wa wachawi aliyegeuka msaliti, naye alikuwa anakaribia miaka 78. Wapo ambao wangeidharau nafasi hiyo. Yeye aliicheza kwa heshima ambayo msaliti mwenyewe bado anajiona anaistahili. Tukio lake la kwanza na McKellen, Gandalf anapokwenda Isengard kumwomba ushauri, ni mazungumzo ya wazee wawili, basi. Mmoja amekuja kwa mkubwa wake wa siku zote, akiwa na hofu moyoni. Mwingine anamsikiliza kwa utulivu, na kidogo kidogo utulivu ule unaanza kunuka. Lee hapandishi sauti. Wanapofika kwenye kurushana ukutani kwa fimbo, kilichouma kimeshatokea, nacho kimetokea katika maneno.

Tolkien aliandika sura nzima kuhusu sauti ya Saruman: silaha yake kuu ni kwamba ukimsikia tu unataka kukubaliana naye. Lee alikuwa na besi ya mtu ambaye angeweza kuimba opera, hivyo uteuzi wake ulikuwa wa haki tupu. Ndiyo maana bado nasikitika kwamba tukio la mwisho la Saruman liliondolewa katika filamu ya tatu ilipoingia majumba ya sinema mwaka 2003. Lee aliumia na hakuuficha uchungu wake. Lilirudishwa katika toleo refu la 2004, na humo tunamwona Saruman akichomwa kisu mgongoni. Jackson amesimulia kwamba alitaka kumweleza Lee alie vipi, na Lee akamjibu kwamba anajua mtu aliyechomwa mgongoni hutoa sauti gani: halii, pumzi humtoka. Mwongozaji hakuwa na la kuongeza. Utu uzima dawa.

Hapa niwaombe wasomaji jambo moja. Wengi wetu Afrika Mashariki tulizijulia filamu za kigeni kwenye mabanda ya video, ambako sauti ya msimulizi hufunika ya mwigizaji. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya ni wasanii kwa haki yao, na siku moja tutawapa toleo lao. Lakini Saruman aliyefunikwa sauti amenyang'anywa upanga. Zitazameni tena filamu hizi kwa sauti zake za asili, hata kama Kiingereza hamkifuati chote, mkazisikie pumzi za wazee wale wawili zilivyopangwa.

Anayedhani joho ndilo linalomfanya mchawi amwangalie Dumbledore wa Harry Potter. Richard Harris alimcheza katika filamu mbili za mwanzo, akafariki Oktoba 2002, na kuanzia filamu ya tatu, ya 2004, nafasi ikaenda kwa Michael Gambon. Ni mhusika yuleyule mwenye ndevu zilezile. Wa Harris ni mpole na mnong'onaji, babu unayetaka kuketi karibu yake. Wa Gambon ana haraka na hasira zilizofichwa, mtu unayehisi amewahi kufanya makosa makubwa ujanani. Mashabiki bado wanabishana nani aliyekuwa bora. Mimi nampenda wa Harris, ingawa nakiri kwamba hadithi ilipoingia giza ilimhitaji Gambon.

Nirudi New Zealand, kwa sababu huko pia tulionyeshwa kinachotokea mashine ikipewa kipaumbele. Miaka kumi na kitu baadaye Jackson alipokuwa akitengeneza The Hobbit, alipiga picha kwa mfumo wa 3D, na ile hila ya zamani ya kuweka mmoja karibu na mwingine mbali haikufanya kazi tena. Gandalf na vibete kumi na watatu ikabidi wapigwe picha katika vyumba viwili tofauti. McKellen alijikuta peke yake, amezungukwa na kijani kitupu, akizungumza na picha kumi na tatu zilizobandikwa kwenye vyuma, kila moja ikiwa na taa inayowaka kibete huyo anapoongea kule chumba cha pili. Akalia. Alisema kwa sauti kwamba hiki sicho kilichomfanya awe mwigizaji, na kipaza sauti chake kilikuwa wazi, wakamsikia. Wenzake walimhurumia wakampambia hema lake ili kumtia moyo, na huo ni utu mzuri. Lakini tukitazame kilichotokea: mtu ambaye mwaka 2000 aliweza kupambana na zimwi lisilokuwapo alivunjika alipoondolewa binadamu wenzake. Mkongwe anaweza kuigiza mbele ya utupu, akijua kwamba mwenzake yuko hatua tatu pembeni anapumua naye. Filamu zile tatu za The Hobbit zina teknolojia kubwa kuliko za mwanzo, na hazigusi moyo hata nusu yake. Sioni sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kuna suala la nani hugharamia kumpata mzee wa namna hii. Jumba la Belgrade, alikoanzia McKellen, lilifunguliwa mwaka 1958 katika mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu mwaka 1940. Halmashauri ya Coventry ililijenga, na sehemu ya mbao zake ilikuwa zawadi ya jiji la Belgrade, ndiko lilikopata jina. Gambon alijiunga na National Theatre ilipoanzishwa mwaka 1963. Hivyo ni vyombo vilivyoendeshwa kwa fedha za umma, katika nchi iliyokuwa bado inalipa madeni ya vita, na hakuna diwani wa Coventry aliyeweza kujua kwamba anamlea Gandalf. Studio za Hollywood zilivuna mamia ya mamilioni ya dola kutoka shamba ambalo hazikulilima. Kila serikali inayoona ukumbi wa tamthilia ni anasa, na kila mtayarishaji anayelipa kompyuta kwanza kisha mwigizaji kwa chenji iliyobaki, wanakula mbegu.

Lee alifariki Juni 2015 akiwa na miaka 93. Desemba 2024 ilitoka filamu ya michoro iitwayo The War of the Rohirrim, na Saruman anasikika humo kwa sauti ya Lee mwenyewe, iliyochukuliwa katika rekodi zilizobaki za siku za The Hobbit, kwa ridhaa ya mjane wake. Nalikubali hilo, kwa kuwa maneno aliyatamka yeye, kwa pumzi yake, akiwa amesimama mbele ya kipaza sauti. Lakini leo zipo programu zinazoweza kutengeneza sauti ya marehemu ikasema sentensi ambazo hakuzisema, na wapo watakaojaribiwa kuzitumia kwa sababu ni nafuu kuliko kumtafuta mzee mwingine na kumpa nafasi. Jarida hili linalipinga hilo na litaendelea kulipinga. Saruman mpya akihitajika, atafutwe mtu mwenye miaka sabini na kitu aliyetumikia jukwaa au kamera maisha yake yote, apewe muda wa mazoezi na wenzake wa kuzungumza nao, aachwe amcheze anavyomwona yeye. Wapo. Baadhi yao mtakutana nao katika kurasa zinazofuata, na wengi wao hawajapigiwa simu siku nyingi.